Mpini wa Mkono wa Kushoto

Maskati, 4 Oktoba 2013

Ndugu yangu Thuwein,

Usishtuke kupata barua yenye stempu. Simu unayo, lakini wewe ndiye uliyesema jambo la maana haliandikwi kwa kidole gumba. Mimi nasema, mjukuu wangu anachapa, basi makosa yakiwamo mlaumu yeye.

Nataka kununua bastola ya shabaha. Si ya kuazima klabuni, si ya kurithi kwa marehemu fulani. Mpya, ya kuagizwa, iliyochongwa kufuata mkono wangu. Nimefika miaka sabini nikilenga kwa vyuma vya watu, tangu tulipokuwa tukiwapiga kunguru kwa bunduki ya upepo ya baba yako juu ya paa la nyumba yenu ya Malindi, kule Unguja. Mashindano ya Februari safari hii yako kwetu, na sitaki tena Dubai mwondoke na kikombe, mkicheka njia nzima mpaka Hatta mpakani.

Wauzaji wa huku wanajua bei, hawajui bastola. Nichagulie wewe. Ukisema hii, nitanunua hii, sitauliza.

Wako tangu Unguja,
Ahmadi


Bur Dubai, 18 Oktoba 2013

Ahmadi,

Barua yako ilinikuta Idi pili, nikaisoma mara mbili kabla ya kula. Mtu akiniomba nimchagulie bastola, ni kama kaniomba nimposee. Sifanyi haraka.

Nilikwenda kwa muuza silaha tunayemwamini, nikamwomba anitolee tatu. Ya kwanza ni ya Kitaliani. Uzito wake uko mbele, mtutu unatulia vizuri, lakini mkono wa mzee utachoka kabla ya nusu ya mashindano. Ya pili ni ya Kijerumani, nzuri sana, na kila kitu kinarekebishwa kwa skrubu. Hiyo si yako. Wewe huwezi kukaa na redio bila kuigusagusa, utafika Februari bado unakaza na kulegeza. Ya tatu ni ya Uswisi. Mtutu wake umekaa chini, karibu na mkono, basi teke la risasi linarudi moja kwa moja kwenye kiwiko, halirushi pua juu. Na kifyatulio chake kina adabu: kinakwenda kidogo, kinasimama, kama kinakuuliza, una hakika? Ukiwa na hakika ndipo kinaachia. Nimechagua hiyo.

Lakini bastola ni nusu tu. Nusu ya pili ni mpini, na mpini mzuri haukai dukani. Kiwanda kitaniletea gogo la mti wa jozi, nilichonge mwenyewe. Kuna karakana ya samani kule Dubai Investments Park ambako wananipa meza siku za Ijumaa. Ninachotaka kwako ni mkono. Nunua udongo laini wa kufinyangia wanaochezea watoto wa skuli, uzungushie kijiti, nyoosha mkono kana kwamba unalenga, fumba macho, ukamate. Usikaze kuliko unavyokaza kila siku. Kisha uachie, wala usiurembe.

Angekuwapo Sharifah ningemjaribisha zote tatu, ana jicho kuliko sote. Unamkumbuka, yule binti wa Masaka, mlinzi wa lango la klabu yetu, niliyemfundisha miaka minne. Ulimwona Februari iliyopita akipiga baada ya wanachama kumaliza, ukaniuliza, "Huyu umemtoa wapi?" Aliondoka kabla ya Ramadhani, mama yake kaugua sana. Hajaandika. Kila Ijumaa namwombea mama yake.

Thuwein


Maskati, 6 Novemba 2013

Ndugu yangu,

Udongo huo, ndani ya kopo la tende. Anauleta Deus, dereva wangu, mtu wa Bukoba, ambaye nimemwonya kuwa akiukalia atarudi kwao kwa miguu.

Nimeufinya kama ulivyosema. Agiza ya Uswisi. Chonga, yalla, wakati haungoji.

Ahmadi


Bur Dubai, 12 Novemba 2013

Ahmadi,

Umeniletea udongo wa nani?

Nimeuweka mezani, nimeugeuza, nimekifuata kila kidole kwa kidole changu. Huu ni mkono wa kushoto. Wewe kwa kushoto hata mlango hufungui. Tena ni mdogo. Kiganja chako nakijua, ni kama kafi la ngarawa. Huu ungeingia ndani yake ukabaki na nafasi. Na kidole cha mwisho hakikugusa kabisa, kimesimama hewani. Nimecheka peke yangu, maana Sharifah alikuwa hivyo hivyo, anashika bastola kama anayekunywa chai kwa gavana.

Kama umempa mjukuu wako afinye wakati wewe umelala, mwambie babu yake mwingine amekasirika. Niletee mkono wako.

Thuwein


Maskati, 20 Novemba 2013

Thuwein, ndugu yangu,

Nilitaka kukuficha, na udongo umenisaliti.

Agosti, baada ya Idi, niliamka mkono wa kulia umelala. Wa kulia wote, na mdomo ukapinda kidogo. Mdomo umerudi. Mkono haukurudi. Unadhani kwa nini barua zangu zinachapwa? Sikutaka unione nimekuwa mzigo, wewe uliyeona ya marehemu mkeo Zuwena.

Mkono ulioushika ni wangu, wa kushoto, umekonda kwa ugonjwa. Na kidole hicho cha mwisho hakinisikii. Daktari anasema nitafute jambo la kuufanyisha kazi, na mimi jambo ninalolijua ni moja. Sitaki kushinda, Thuwein. Nataka kusimama kwenye mstari mara moja tena kabla sijazikwa nchi ya watu.

Usimwambie mtu. Wala usinipigie simu, sauti yangu bado inanitia aibu.

Ahmadi


Bur Dubai, 29 Novemba 2013

Ahmadi, ndugu wa roho yangu,

Nisamehe nilivyokucheka. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, na jirani alinikuta hapo hapo bado nimeishika.

Kumbe ndiyo sababu ya udogo wake. Nimeuchukua tena udongo na safari hii nimeuona ulivyo, mkono wa mtu aliyeteseka. Ningeona tangu mwanzo. Mkono wa Zuwena ulikonda hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Haya sijamwonyesha mtu, si klabuni wala popote. Niliyatunga mwenyewe miaka miwili niliyomuuguza. Asubuhi mimina mchele kwenye sinia, uuhamishe kwenye bakuli kwa mkono wa kushoto, punje moja moja, kwa kidole cha shahada na gumba tu, vingine vikae kimya. Utakasirika. Zuwena alinirushia sinia mara nyingi. Kisha simama karibu na ukuta, nyoosha mkono na bilauri iliyojaa maji, mgongo wa mkono uwe karibu na ukuta bila kuugusa, uvute pumzi mpaka maji yatulie. Yakitulia, ndipo ujifunze kuyatuliza huku kidole cha shahada kikitembea. Zuwena alifika pale pa maji kutulia. Wiki iliyofuata akafa. Kwa hiyo zoezi la mwisho nalijua kwa kufikiri tu, hakuna aliyenifanyia. Wewe utakuwa wa kwanza.

Mpini nimeuanza. Kidole chako cha mwisho nitakichongea kitako cha kukishika chini, maana kwa mgonjwa kidole kinachoelea kinauchosha mkono mpaka begani. Kwa Sharifah nilikosea kukikemea. Nilipokifunga, shabaha zake zikatawanyika kama kuku, nikamwachia. Lakini wewe si yeye.

Ganda la risasi litatokea upande wa kulia na kupita mbele ya uso wako. Usilitazame.

Nimemwambia imamu akuombee bila kutaja jina. Ijumaa zangu sasa zina wagonjwa wawili, wewe na mama yake Sharifah.

Thuwein


Maskati, 9 Januari 2014

Ndugu yangu,

Mungu akulipe. Mazoezi yanafanya maajabu. Maji yanatulia, na kidole kinatembea.

Bastola imefika kwa vibali vyake vyote, iko kwenye sanduku la klabu. Ni kama ulivyosema, inauliza kabla ya kuachia. Tunangoja mpini tu. Deus atakuja kuuchukua Ijumaa ya wiki ijayo. Umalizie, inshallah.

Ahmadi


Bur Dubai, 18 Januari 2014

Ahmadi,

Deus alikuja jana karakana, akanikuta napaka mpini mafuta. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, nisiongeze wala kupunguza.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi tena, mzee?"

"Bosi wako. Mkono wake."

Akacheka. Akasema, "Mzee Ahmadi? Huyo mgonjwa labda wa hasira. Juzi maji ya kuoshea gari yamemwagikia mirihani yake, kanifukuza uani na kandambili. Kairusha kwa mkono wa kulia, na kanipata hapa," akajishika kisogo. "Watu wa shabaha hamfai kugombana nanyi."

Nikakaa. Nikamuuliza, "Basi kwenu anayelenga kwa kushoto ni nani?"

"Si dada Sharifah, yule wa Uganda? Yupo tangu Ramadhani. Mzee kamwandika klabuni. Ee, mzee wangu, mbona hivyo? Kwani si wewe uliyemtuma?"

Maskini alitaka kuniletea maji. Nilimwambia mpini haujakauka, arudi baada ya wiki. Umekauka.

Nina swali moja, na ulijibu bila mjukuu. Maradhi ni mengi duniani. Ungeweza kusema umevunjika mkono, umeungua, umeumwa na ngamia, ningeamini. Kwa nini ulichagua la Zuwena?

Thuwein


Maskati, 21 Januari 2014

Thuwein,

Hii naiandika kwa mkono wangu wa kulia. Hakuna haja tena ya kuuficha.

Nilichagua la Zuwena kwa sababu nilijua hapo hutauliza zaidi. Hilo ndilo jibu, na nikilisoma naliona lilivyo baya.

Lakini na wewe nisikilize. Miaka minne ulimfundisha yule binti. Miaka minne akawafungulia lango watu ambao kwa bastola hawamfikii goti, akangoja waondoke ndipo apige, kwenye taa zilizobaki. Je, uliwahi kusimama mbele ya kamati yenu ukasema, mwandikeni? Ulimpa elimu yote, jina hukumpa. Mimi nilimpa jina. Liko ukutani, kwa herufi kubwa, wanachama wanalisoma wakiingia.

Ningekuomba wazi ungekataa. Ungesema nimekuibia. Na bila mkono wako asingepata mpini. Hakuna mwingine Ghuba nzima, nilitafuta.

Nilikudanganya, khalas. Lakini kila ulichotoa kimemfikia yeye, na wewe ungempa. Basi nani kaibiwa?

Mashindano ni tarehe saba. Leta mpini, uje umwone. Tutagombana baadaye, kama zamani.

Ahmadi


Maskati, 22 Januari 2014

Mzee Thuwein, jjajja wangu, babu yangu,

Mimi Kiswahili ya kuandika nimejifunza langoni kwa kusoma vibao, unisamehe.

Deus amerudi na uso mbaya, akaniuliza, "Wewe dada, mzee wa Dubai alijua uko huku?" Nikasema anajua, amenichagulia bastola. Akasema hapana, hajui, alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Mimi pia nilikaa chini.

Sir Ahmadi aliniambia wewe umebariki, lakini roho yako inauma, kwa hiyo nisiandike mpaka utulie. Udongo alinipa akasema, "Finya, Thuwein ameagiza." Nilifinya nikifikiri utajua ni mimi. Kidole changu unakijua. Nilikiacha juu makusudi, ndiyo salamu niliyokutumia. Mazoezi yakaja, akasema yametoka kwako, kwa ajili yangu. Nikahesabu mchele asubuhi kama mtoto, punje moja moja, nikasema jjajja bado ananipenda. Yale ya mama Zuwena sikuambiwa. Ningejua nisingeyagusa.

Lakini uongo wa kwanza ni wangu mwenyewe, huo sir Ahmadi hakunipa. Mama yangu ni mzima. Analima, anauza ndizi, anapiga kelele. Niliogopa kukuambia naenda kwa rafiki yako nikaandikwe jina. Niliogopa uso wako. Nikamfanya mama mgonjwa kwa sababu nilijua mbele ya ugonjwa wewe hufungi mlango.

Hapa sifungui lango la mtu. Nasimama kwenye mstari saa tatu asubuhi, na jua, na watu wanatazama. Sijui kama unajua hiyo ni kitu gani kwangu.

Mzee, ukisema niache, nitaiacha bastola kwenye sanduku na nitarudi kuwa mlinzi, kazi sikosi. Sema tu. Sitapiga bila neno lako.

Sharifah wako


Bur Dubai, 27 Januari 2014

Ahmadi,

Kwa Deus kuna mpini uliouagiza, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Ni mpini wa mkono wa kushoto wa mzee aliyepooza, mwenye kidole kisichomsikia. Nimekichongea kitako chake, nimekisugua mpaka hakikwaruzi. Katika kazi zangu zote sijafanya nzuri kuliko hiyo, na hakuna mtu duniani unayemfaa. Uweke mezani kwako.

Unauliza nani kaibiwa. Miezi hii nimewaombea wagonjwa wawili, na wote wazima. Nilisimama msikitini na machozi kwa ajili ya mkono unaorusha kandambili. Zuwena alichukua miaka miwili kunifundisha yale mazoezi, na ulipoyahitaji hukuniomba mimi, ulimtia mkono yeye kaburini.

La jina ni kweli. Kamati sikuisimamia. Nilijiambia bado hajaiva, na huenda niliogopa akiandikwa hatanihitaji. Lakini neno hilo ulikuwa nalo tangu Februari iliyopita, tulipokaa kwangu mpaka chai ikapoa. Ungeliniambia uso kwa uso lingeniuma, tungegombana, na asubuhi ningekwenda kwenye kamati. Uliliweka, ukaja kulitoa uliposhikwa.

Tarehe saba sitakuja. Tulilala sita chumba kimoja Deira tulipofika hatuna kitu, na kila mtu alikuwa akificha mkate wake isipokuwa wewe na mimi. Sikudhani ningekuja kukuandikia hivi. Ukiugua kweli siku moja, wasiniandikie. Sitakuwa na njia ya kuamini.

Udongo nimebaki nao. Ulinambia ukweli tangu siku ya kwanza, kidole kwa kidole, nami nikakuamini wewe.

Thuwein bin Said


Bur Dubai, 27 Januari 2014

Sharifah,

Kwanza kazi. Mpini utakaopewa na Ahmadi, wenye kitambaa cheupe, si wako. Usiufunge kwenye bastola hata kwa kujaribu. Ungekibana kidole chako ukapoteza mashindano, na wala usingejua kwa nini. Nakwambia wazi kwamba nilikaa nao siku tatu nikifikiria kuuacha uende hivyo hivyo, bila neno.

Wako amepewa Deus peke yake, ndani ya kopo la tende. Huu sikuuchonga kwa udongo. Nilifumba macho nikauchonga kwa miaka minne. Hapo kwenye gumba utaona nimeacha mti kidogo zaidi. Ni kwa sababu ukichoka unakaza gumba, nawe hujui. Usiupige msasa. Paka mafuta ya kitani, kidogo, kwa kitambaa, ungoje siku mbili. Skrubu kaza mpaka mpini usichezecheze, kisha uache, hata Ahmadi akikwambia ongeza.

Barua yako umeiandika vizuri kuliko barua zake zote. Lakini mama yako niliyemwombea miezi saba alikuwa anauza ndizi. Mungu amzidishie afya, na mimi anipe subira. Kwa sasa usiniite jjajja. Niite mwalimu, hilo nililipata kwa kazi.

Sitakuja kukutazama. Usiniandikie kunishukuru, wala usiniandikie umepata ngapi, nitayasikia langoni kama wewe ulivyokuwa ukiyasikia yetu.

Umetaka neno langu. Mchele usiuache, sasa unajua ni wa nani, uhesabu kwa adabu. Ganda likipita mbele ya uso usilitazame. Na kidole chako cha mwisho sikukiwekea mahali popote. Kiache kisimame.

Mwalimu wako,
Thuwein